Nukta Iliyovuka Mto Mara

Mwezi uliopita nilikutana na Kapteni pale Mugumu, nje ya duka la vifaa vya umeme, na baada ya salamu kitu cha kwanza alichoniambia ni kwamba wanachagua vifaa vipya vya kufuatilia ndege. "Mama Robi," akasema, "safari hii tunataka tuchague vizuri. Ungekuja siku moja ukae na sisi, utupe mawazo." Alisema kwa upole, kofia ameishika mkononi, na nina hakika maneno hayo alikuwa ameyabeba muda mrefu akinitafuta anipe. Mimi nilikuwa na mfuko wa unga begani na Robi ananivuta sketi anataka maandazi. Mawazo. Mwaka ule mawazo nilikuwa nayo mengi tu, nimekaa nyuma ya pazia pale pale walipokuwa wanakula, na hakuna aliyeyataka. Nikamwambia nitafikiria, tutaonana Kapteni, nikaondoka kwa mwendo ambao mtoto ilibidi akimbie. Nilipofika nyumbani niliubwaga unga mlangoni mpaka mfuko ukapasuka, na si kwa huzuni. Watu huniuliza, mbona wewe mjane kijana hivi una hasira tu, hulii. Nalia. Ila huzuni yangu nimeipatia pa kukaa, iko kaburini kule Tarime, naenda naisalimia narudi. Hasira ndiyo haina pa kukaa. Kila mtu ninayetaka kumtwisha, nikimwangalia vizuri nakuta alikuwa na sababu yake.

Sitaeleza nilizaliwa wapi wala wazazi wangu ni akina nani, hayo hayahusiki hapa. Mwaka ninaousema tulikuwa tunaishi kambini, upande wa bwawa la Manchira, kwenye uwanja wa vumbi ambao ng'ombe walikuwa wanaukatisha wanavyotaka. Mradi ulikuwa mdogo: glaida mbili, winchi moja, gari moja zima na lingine bovu la kutolea vipuri, na Kapteni, mstaafu kutoka Moshi aliyerusha ndege kubwa maisha yake yote, halafu uzeeni akazipenda hizi zisizo na injini. Glaida ndiyo hiyo: ndege nyembamba, mabawa marefu, injini hakuna kabisa. Inavutwa na kamba ya winchi mpaka inapaa, kamba inaachiwa, halafu rubani anatafuta mahali hewa ya moto inapopanda kutoka ardhini, anazunguka ndani yake na kubebwa juu, kama tai wanavyofanya. Na walizileta kwa sababu ya tai hao hao. Glaida haina kelele, tai hawaiogopi. Rubani anazunguka nao, akiona wanashuka kwa wingi mahali fulani anajua pana mzoga, na penye mzoga huku kwetu mara nyingi pana mitego ya nyaya ya majangili. Anasema kwenye redio, askari wanakwenda kuing'oa.

Mwita, mume wangu, alianza kama mshika bawa. Glaida ikiwa chini inaegemea bawa moja kama mtu aliyechoka, kwa hiyo wakati wa kuvutwa lazima mtu alishike bawa lisiguse ardhi, akimbie nalo kidogo, aliachie. Alishika mabawa ya watu wengine mpaka siku moja Kapteni akamweka kiti cha nyuma, na baadaye cha mbele, na baadaye peke yake. Mkurya wa Tarime, kichwa kigumu, anaruka na tai juu ya Serengeti. Kwao walimcheka, wakasema huyu mura, kijana wetu, kaolewa na ndege, ng'ombe za mahari atapelekewa lini. Alicheka nao. Akitua alikuwa anarudi na uso umekauka, midomo imepasuka kwa jua, na njaa ya kutisha, halafu anakaa kimya anakula, na mimi najua bado hajashuka.

Kazi yangu mimi ilikuwa mezani. Nilikuwa na cheti changu cha kidato cha nne na nilikuwa najua kompyuta kidogo, basi nikawekwa kwenye redio. Chumba chenyewe kilikuwa kontena lililotobolewa dirisha, limegawanywa kwa pazia la kitenge. Upande mmoja meza yangu, redio na kompyuta. Upande wa pili meza ya chakula. Mchana bati linaungua, harufu ya dagaa inakuja na maneno yote yanakuja, nao wanasahau kwamba kuna mtu nyuma ya kitambaa. Robi alikuwa mchanga, nilikuwa namlaza kwenye beseni kubwa lenye kanga, chini ya meza penye kivuli. Shida ilikuwa redio. Mwita akivuka vilima tu, redio inakufa, na mimi nabaki naita hewa. Siku moja ilikaa kimya mchana mzima, mpaka akarudi jioni na bodaboda, anacheka, glaida ameiacha shambani kwa watu. Ndipo Kapteni akaamua tutafute kifaa cha kufuatilia ndege kwa setilaiti.

Vililetwa vitatu vya kujaribu. Viliwekwa mezani wakati wa chakula cha mchana, kati ya sufuria ya ugali na bakuli la mgagani, na mimi nilikuwa upande wangu namnyonyesha mtoto. Walikuwa Kapteni, Mwita na Odhiambo, Mjaluo wa Rorya aliyekuwa anaendesha winchi, mtu ambaye mdomo wake haujawahi kufungwa na fundi yeyote.

"Hiki cha kwanza kinatumia laini ya simu," Kapteni alisema. "Chepesi, kizuri. Ila kinataka mtandao."

"Basi hicho kitamsindikiza mtu mpaka stendi ya Mugumu, kimpungie mkono," Odhiambo akasema.

"Ndiyo maana nakiweka pembeni. Hiki cha pili ni cha setilaiti. Kila baada ya dakika kumi kinatuma mahali kilipo, Mama Robi anaona nukta kwenye kioo cha kompyuta yake. Hapa chini ya kifuniko kuna kitufe cha hatari. Ukibonyeza, tunajua una shida, na watu wa uokoaji wanajua. Basi. Hakiulizi, hakijibu. Hiki cha tatu kinafanya yote hayo, na tena kinapokea ujumbe. Mama Robi anaandika, wewe uko juu unasoma, unamjibu."

"Hicho cha tatu kitaniua," Mwita akasema. Nilimsikia anamega ugali. "Nimo kwenye duara, tai kulia, tai kushoto, natakiwa macho yawe nje. Kidude kinalia. Naangalia. Umekula?"

Wakacheka. Odhiambo alicheka mpaka akapaliwa. Mimi nikasema kutoka nyuma ya pazia, "Sitakuuliza kama umekula. Nitakuuliza kama uko hai."

Kapteni akasema, "Mama Robi, njoo ule, chakula kinapoa."

Hilo ndilo jibu nililopewa, na sitalisahau. Nilitoka na mtoto begani nikakaa nao, nikaendelea kusema. Nikauliza kifaa kitakaa wapi. Kapteni akanieleza vizuri, hakunidharau, hilo lazima niliseme: kikifungwa kifuani mikanda ya kiti inakibana na mwili wa mtu unaziba mawimbi, lakini kikikaa juu ya dashibodi chini ya kioo kinaona anga lote. Kitashikwa na ule mkanda wa kunata kama wa viatu vya watoto, ukiubandua unalia kraa. Rubani akitua nje ya uwanja, kanuni itakuwa moja, anakibandua anatembea nacho, ili tumwone anakokwenda. Nikasema, na asipoweza kukibandua? "Kitatuma kilipo," Kapteni akasema, "na yeye atakuwa hapo hapo kilipo." Hata mimi nilikubali, kwa maana lilikuwa jambo la akili. Mtu na ndege yake, watakuwa wapi tena?

Wakachagua cha pili. Cha tatu kikarudishwa kwenye boksi lake. Na hapa ndipo hasira yangu huanzia safari yake kila siku, kabla haijapotea njia. Sababu zao zote zilikuwa za kweli. Rubani anayesoma ujumbe kweli anaweza kugonga kilima. Nimewasoma watu wanaoruka, nimesikia hadithi zao, najua. Ila walichagua kifaa cha anayeruka. Anayengoja hakuhesabiwa kwamba naye ana kazi anayoifanya, kwamba kungoja kuna vifaa vyake. Mimi ndiye niliyekuwa nakwenda kukikodolea macho hicho kitu kila siku ya Mungu, na swali langu likaitwa kuuliza kama mtu amekula.

Miezi iliyofuata niliizoea ile nukta mpaka nikaijua kama unavyojua mwendo wa mtu kwa nyuma. Akiwa anapaa, nukta zinakaa karibu karibu, zimekunjana kama waya wa kusugulia sufuria. Akiwa anasafiri, zinaachana sana kwa mstari. Akitua shambani, zinajaa mahali pamoja, halafu baada ya muda zinaanza kutoka kidogo kidogo kuelekea barabarani, hatua za mtu mzima asiye na haraka. Hapo nilikuwa najua kinachoendelea kama vile niko naye: watu wamejaa, mabibi wanashika bawa wanauliza hili limekufa au limelala, kuna mtu ameleta maziwa, Mwita anafunga mabawa kwa kamba yasipeperuke, anamwachia mwenye shamba aangalie, anakibandua kifaa, anakwenda kutafuta mtandao na bodaboda. Mara moja alirudi na jogoo aliyepewa na kikongwe mmoja aliyesema mtu aliyeanguka kutoka mbinguni hawezi kuondoka mikono mitupu. Tulimla jogoo huyo kontenani, na Odhiambo akasema wiki ijayo Mwita aanguke kwa wafugaji wa mbuzi. Robi alianza kutambaa mwaka huo. Nilikuwa nampakata, anaweka kiganja chake kichafu kwenye kioo juu ya nukta, na mimi namwambia, huyo baba, mwache baba apite.

Siku yenyewe ilikuwa ya kiangazi, mtama umeshavunwa, moshi wa mashamba yanayochomwa umekaa chini. Mwita alikwenda kaskazini, kuelekea Mto Mara. Kabla ya kuondoka aliniomba nimshonee kifungo cha shati, nikamwambia nitashona akirudi kwa sababu mtoto alikuwa analia, ni hivyo tu, sikuwa na hisia yoyote mbaya na simwamini mtu anayedai huwa anahisi. Asubuhi nukta zilikwenda vizuri. Baada ya chakula zikaanza kuzunguka mahali pamoja bila kupanda, nami niliona hivyo kwa kuwa pembeni kioo kilikuwa kinaonyesha na kimo cha ndege kutoka ardhini. Zikanyooka kidogo. Zikasimama, mbele ya Ringwani, upande wetu wa mto.

"Ameishiwa hewa," Odhiambo akasema akiwa amesimama nyuma yangu, anakula muwa. "Leo nani mwenye bahati ya kumlisha."

Redio kimya, kama kawaida ya kule. Simu yake haipatikani, kama kawaida ya kule. Kitufe cha hatari hakijabonyezwa. Tukangoja. Kapteni akaja, akavaa miwani, akaangalia. "Mpe muda," akasema, "anafunga mabawa." Nukta ikaja nyingine, pale pale. Ikaja nyingine, pale pale. Nilikuwa nimeshaanza kushika ukingo wa meza, halafu nukta iliyofuata ikatokea pembeni kidogo, kuelekea mtoni. Halafu nyingine mbele yake. Hatua za mtu mzima asiye na haraka.

"Anatembea," nikasema.

"Anatembea," Kapteni akasema, na akavua miwani akaifuta, na nikaona kwamba na yeye alikuwa ameogopa. "Ametua, ni mzima. Anakwenda Nyamongo. Kutoka pale Nyamongo ni karibu kuliko kurudi huku, kuna mtandao, na bodaboda zimejaa."

"Kuna mto," nikasema. "Mwita maji anayaogopa. Haogelei, na mto una mamba."

"Watu wanavuka kila siku, Mama Robi. Kuna mtumbwi."

Lilikuwa jambo la akili, tena. Ila mimi sikuridhika, na sikuwa na pa kuuliza. Kifaa hakiulizi, hakijibu. Ningekuwa na kile cha tatu ningeandika maneno mawili tu: ni wewe? Watu hawaelewi ninaposema kuhusu maneno hayo mawili. Wanadhani nilitaka kumwambia nampenda. Nilitaka kuuliza ni wewe, na mtu akishindwa kujibu hilo, gari linakwenda ndege ilipo.

Nukta zikaendelea. Katikati ya njia, kabla ya mto, zikaachana ghafla zaidi ya zile za kwanza, na Odhiambo akaona kabla yangu. "Shemeji, angalia mtu wako. Sasa anakimbia. Amenusa ugali wako kutoka Ringwani." Nilicheka. Nilikuwa nina sufuria mekoni nje ya kontena, nikatoka nikaongeza maji, maana akitoka huko anakula kama watu wawili. Kapteni na Odhiambo wakachukua gari kwenda kumpokea Nyamongo, na kwa gari ni kuzunguka mbali mpaka darajani. Mimi nikabaki na mtoto na kioo. Nukta ikavuka mto. Ikapanda kidogo upande wa Tarime. Ikasimama, na haikusogea tena.

Nyamongo naijua, mtu akisimama pale hata kidogo anazungukwa na bodaboda. Nukta ilikuwa imesimama pasipo na nyumba, nikampigia Odhiambo nikawaelekeza ilipo. Nilisema labda amekaa kupumzika. Nilisema labda betri. Nilipika ugali, nikaufunika. Nilimwogesha Robi. Nilipiga simu ya Mwita mpaka sauti ya yule mwanamke wa kusema namba unayopiga ikanichukiza kama mke mwenza. Jua lilikuwa linazama Odhiambo aliponipigia, na sauti yake haikuwa na mzaha wowote, na hapo ndipo nilipojua.

"Shemeji, kidude tumekipata. Kiko juu ya jiwe, kimewekwa vizuri, taa inawaka. Mwita hayupo."

"Hayupo vipi?"

"Hayupo. Tumeuliza watu wote wa hapa. Hakuna aliyemwona."

Ilibidi wazunguke tena njia yote ile, gizani, watafute shamba wasilolijua kwa watu ambao wakiona taa za gari usiku wanafunga milango. Walifika kwenye glaida kunapambazuka. Bawa moja lilikuwa limepiga kichuguu kilichofichwa na mabua ya mtama, ndege ikazunguka na kupiga pua chini. Kifuniko cha kioo kilikuwa wazi. Kwa yale waliyoyaona walielewa: miguu ilikuwa imevunjika, kifaa kilirushwa mbele kwenye pedali ambako mkono wake haukufika, na chini ya kile kioo saa nane ya kiangazi ni tanuri, mtu hawezi kukaa. Akajitoa. Akajiburuta mpaka kwenye kichaka kando ya kijito kikavu, penye kivuli, mahali ambapo mtu aliyesimama kwenye ndege hamwoni. Ndipo walipomkuta, na alikuwa ameshakufa. Daktari aliniambia damu ilivuja ndani. Nikamuuliza, alikufa pale pale? Akasema hapana, alikaa muda. Nikauliza muda gani. Akasema hilo hawezi kulisema kwa uhakika, akaangalia dirishani, na nikajua angeweza.

Kapteni, kama haya yatakufikia: sitakuja kukaa mezani kwenu. Sina nguvu hizo. Chagueni kinachojibu, kifungeni kwenye mwili wa mtu hata kama kinaona nusu ya anga, na anayengoja awe wa kwanza kuulizwa. Mawazo yangu ndiyo hayo, sina zaidi.

Sasa, kilichobaki. Tulizika Tarime. Habari ilikuwa imeshazunguka kwamba kuna mtu alikibeba kile kifaa, na vijana wa ukoo wa Mwita walikuwa wanasema maneno mabaya, mapanga yanaletwa kwenye mazungumzo kama chumvi. Wazee wakatangulia, wakaita ritongo, ule mkutano wetu wa kumaliza mashauri. Lakini kabla ya siku ya mkutano mtu mwenyewe alikuja nyumbani, na wazee wawili wa upande wake, mchana kweupe. Anaitwa Nyamhanga. Mkulima, umri wa baba yangu, kandambili zimekatika zimefungwa kwa waya. Alisimama mlangoni hakuingia. Na mimi, niliyekuwa nimepanga mwezi mzima nitakavyomrukia, nilimwamkia shikamoo. Ndivyo tulivyolelewa, mdomo ulifunguka wenyewe. Akaitika marahaba kwa sauti ndogo, nikampa kiti.

"Mama," akasema, "mimi niliona ndege imelala kwenye shamba langu. Kioo kiko wazi, mtu hakuna. Ndani kuna kitu kinawaka, kinazima, kinawaka. Kijana wangu yuko kule mgodini, alishaniambia magari yao yana kitu hicho, likiibwa linafuatwa mpaka lilipo. Nikasema, hizi ni nyayo. Nyayo zimeishia kwangu."

Asiyekuwa wa huku hataelewa alichosema, na mimi kwa bahati mbaya nilielewa neno kwa neno. Ng'ombe wakiibwa kwetu, watu wanafuata nyayo. Nyayo zikiingia kwenye kijiji, kijiji hicho lazima kionyeshe zilipotokea upande mwingine. Kikishindwa, hata kama hakuna aliyeona mkia wa ng'ombe, kinalipa. Watu wamefilisika hivyo. Watu wamechomewa nyumba hivyo.

"Mwaka wa nyuma ziliishia kwetu," akaendelea. "Ng'ombe wa watu wa ng'ambo. Hatukuwaona, Mungu ananiona. Tukalipa. Mimi nilitoa jike langu na ndama wake, wa maziwa ya wajukuu. Sasa hii ndege ni ya serikali, ni ya wazungu, mimi nitalipa na nini? Nikasema nizivushe mto, ziishie ng'ambo kwa hao hao. Nikaingiza mkono nikakitoa kule chini miguuni. Jembe nililiacha pale pale shambani."

"Mwenye ndege hukumtafuta?"

"Nilijua yupo. Ndege haiji yenyewe. Nilidhani amekwenda kuita watu."

Wazee wake walikuwa wanaangalia chini. Robi alikuwa anatambaa kati ya miguu yao, akamshika Nyamhanga kidole cha mguu, na mzee yule hakukisogeza wala hakumwangalia. Nikaona kwamba hajamaliza. Nikamuuliza, "Hukusikia kitu?"

Mmoja wa wazee akamwambia kwa Kikurya, sema, ndicho tulichokuja nacho.

"Nilisikia yowe," akasema. "Nilikuwa nimeshafika bondeni. Yowe moja. Halafu lingine. Mama, yowe unalijua. Mtu akipiga yowe kuna mwizi. Na mimi nina kitu cha watu mkononi, na yowe linapigwa nyuma yangu. Wangenikuta nacho wangeniua pale."

"Ukafanya nini?"

"Nikakimbia."

"Kutoka wapi mpaka wapi?"

Alishangaa swali langu, nadhani alitegemea matusi. Akafikiria, akataka asikosee. "Kutoka pale bondeni," akasema, "mpaka mtoni. Nilipofika mtoni sikulisikia tena."

Kipande hicho cha njia nilikuwa nakijua, nilikiona kwenye kioo siku ile nukta zilipoachana na sisi tukacheka. Mwita alikuwa ananiita kwa nguvu zake zote, na mimi nikatoka nje nikaongeza maji ya ugali.